Kikundi cha kujitolea kanisani huku Kusini: namna ya kukianzisha na kisife baada ya miezi mitatu

Kanisani kwetu hapa Mtwara kikundi cha kutembelea wagonjwa na wazee kimeanzishwa mara nne toka nihamie, na mara tatu kimekufa. Cha kwanza kilikua na tisheti. Cha pili kilikua na katiba ya kurasa kumi na moja, kilikufa kabla hatujamaliza kuisoma. Cha tatu ntakisimulia huko chini nikifika kwenye habari za hela. Cha nne ndo hiki tulichonacho, watu saba, hakina tisheti wala jina, watu wanatuita tu "wale wa Jumamosi", na kinaenda mwaka wa sita sasa. Kuna wenzetu wa KKKT na Waanglikana wa kule Masasi wamekua wakiniuliza mnafanyaje nyie, nikaona niandike mara moja kwa wote, maana kusimulia kwa simu vocha inaisha.

Mie Mkatoliki kwaio ntasema jumuiya, kigango, parokia. We kama kwenu ni mtaa na usharika badilisha mwenyewe kichwani, kazi ni ileile.

KWANZA KABISA, ANGALIA KALENDA YA KOROSHO

Sio ya kanisa, ya korosho. Hapa ndo wengi tunaanguka. Padre kahamia kutoka Moshi huko au Bukoba, anasimama Jumatano ya Majivu anasema Kwaresima hii tunaanza huduma ya matendo ya huruma, kila familia itoe. Kwaresima inaangukia wapi? Februari, Machi, mpaka Aprili. Huku kwetu hiyo ndo miezi ambayo mfuko umekauka, hela ya korosho imeshaliwa, ada imeshalipwa au inadaiwa, mahindi bado mabichi shambani, mvua inapiga na nusu ya waumini wako shamba wanalala kwenye dungu kufukuza nyani na nguruwe. Unamwambia mtu atoe, atatoa aibu tu.

Sasa fanya hivi. Mwezi wa tano wa sita watu wanaanza kupulizia salfa kwenye mikorosho, wanatoka usiku wa manane ili wapulize alfajiri umande ukiwepo na upepo haujaanza, wakirudi wamechoka macho mekundu, usiite kikao asubuhi. Mwezi wa sita shule zikifunga kuna mambo ya jando na unyago, nayo yanakula muda na hela vibaya mno. Kuanzia Julai mpaka Septemba ndo watu wanatulia kidogo, mbaazi zinavunwa, mihogo ipo inakaushwa. Oktoba minada inafunguka, chama cha msingi kinakusanya mzigo, hela zinaingia akaunti za wakulima Novemba hivi na Desemba, kila mtu anakua rafiki yako.

Kwaio: anza Julai. Julai na Agosti tafuta watu na fanya orodha. Agosti Septemba kusanya vitu, yaani mbaazi, makopa, mpunga kama mna watu wa mabondeni. Novemba kusanya hela, na ukusanye haraka kabla ya pikipiki mpya na sabufa. Alafu Januari mpaka Machi ndo unatoa, maana ndo njaa ilipo. Ukifata hivo hata Kwaresima inakua na maana, padre akisema toeni nyie mna stoo.

RUHUSA

Hii fupi. Muone padre (au mchungaji, au katekista kama mko kigangoni mbali), mwambie mnataka kufanya nini na nani atawajibika. Alafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ukamuamkie, usisubiri akuite yeye. Mkiwa mnaingia nyumba za watu na mifuko bila serikali ya mtaa kujua, siku moja mtaulizwa nyie ni kampeni ya nani, hasa mwaka wa uchaguzi. Mwenyekiti ukimpata vizuri atakupa mjumbe wa kuzunguka nae, na mjumbe ndo anajua nyumba ipi mgonjwa kafichwa ndani.

WATU: USITANGAZE KANISANI

Najua inasikika vibaya ila sikiliza. Ukitangaza baada ya misa, wanaotaka kujitolea waandike majina kwa katibu, utapata majina arobaini. Arobaini kweli, nimeyahesabu. Jumamosi ya kwanza watakuja ishirini, ya pili tisa, ya tatu mko wanne na wawili kati yenu mmechelewa. Na wale thelathini na sita walioacha sasa wanakukwepa, wanaona aibu, kwaio umepoteza hata salamu.

Badala yake mfate mtu mmoja mmoja kwake, jioni, ukae. Umwambie "dada, nimekufikiria wewe kwa sababu hii". Sababu iwe ya kweli. Sisi tulimfata nesi mstaafu kwa sababu anajua kuangalia kidonda. Tulimfata kijana wa bodaboda kwa sababu anajua vichochoro vyote vya Magomeni na Chikongola na hana maneno mengi. Tulimfata mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga kwa sababu watu humwambia shida zao wakati wanasubiri mihogo iive, we huyu mama anajua habari za mtaa kuliko mjumbe. Na wanaume lazima wawepo, wawili angalau, maana kuna mzee wa kiume atakataa kabisa kuogeshwa au kukatwa kucha na mwanamke alie na umri wa binti yake, ana haki.

Watu sita mpaka nane wanatosha. Wakizidi gawanyikeni, upande mwingine wawe na kikundi chao.

Alafu kila mtu aseme mwenyewe anaweza mara ngapi kwa mwezi. Sio unampangia. Mwenye kusema mara moja kwa mwezi akaja kweli ni wa thamani kuliko yule mwenye moto wa kuja kila siku.

ORODHA, HAPA KAA SANA

Kwenye Matendo ya Mitume sura ya 6 kuna ugomvi, wajane wa upande mmoja walikua wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yakatokea, mitume wakasema chagueni watu saba. Yaani kanisa lenyewe la mwanzo kabisa tatizo lake halikua upendo, lilikua orodha. Sisi nani tusipatwe.

Orodha yetu ya kwanza tuliitengeneza vibaya. Tuliwaambia viongozi wa jumuiya walete majina ya wenye shida. Yakaja majina, na ukiangalia vizuri ni shangazi ya mwenyekiti, mkwe wa katibu, mama wa mtunza hazina. Sio kwamba hawana shida, wanazo, ila wao tayari wana mtu wa kuwasemea, ndo maana jina limefika.

Tembea mwenyewe. Chukua mjumbe, chukua mtu mmoja wa kikundi, zungukeni mchana watu wakiwepo. Usiulize "nani maskini hapa", hilo swali halina adabu na jibu lake ni uongo. Uliza mambo mawili: mtaa huu nani hajaonekana nje siku nyingi, na nani akiumwa usiku hana wa kumuita. Majibu yatakushangaza. Sisi kwenye hilo swali la pili tuliletewa majina ya watu wenye kazi na mishahara. Mwalimu kapangiwa kituo huku ndugu zake wote wako Kagera. Vijana waliokuja kutafuta kazi kiwanda cha simenti au bandarini, wanapanga chumba kimoja, akishikwa na malaria analala humo siku tatu mwenye nyumba anafikiri kasafiri.

Hilo la watu wasio na ukoo huku kwetu ni zito maana huku mtu ni mjomba wake, asie na mjomba hana pa kupeleka kesi. Na ukiangalia, kanisa la Masasi lilianza na watu wa namna hiyo hasa. Mwaka 1876 Askofu Steere wa Waanglikana alitoka Zanzibar na watumwa waliokombolewa, safari ilikua ya kuelekea Nyasa, wakafika Masasi wakakaa hapohapo. Watu walioibwa utotoni, hakuna anaejua mama yake alizikwa wapi. Majirani wa kanisani ndo wakawa mjomba na shangazi. Mie nimekulia njia ya Ndanda, hizi habari nimezisikia tangu mtoto, ila mpaka nifanye hii kazi sikua nimezifikiria hivo.

Orodha yenyewe andika kwenye daftari la kaunta, kwa penseli. Jina analoitwa mtaani, nyumba iko wapi ("nyuma ya msikiti, mlango wa bati la bluu"), nani wa karibu nae, anatumia dawa gani, kadi ya kliniki inakaa wapi, na kitu anachotaka YEYE. Hilo daftari halisomwi kanisani, halipigwi picha likarushwa WhatsApp. Kuna mtu ameandikwa humo anatumia dawa za kufubaza VVU na mume wake hajui. Daftari linakaa kwa mtu mmoja, kwenye kabati lenye ufunguo.

Kingine, kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza sera inasema watibiwe bure kwenye vituo vya serikali, ila lazima watambuliwe, na wazee wengi hawana karatasi yoyote. Msaada wenu mkubwa kuliko unga unaweza kua kumpeleka kwa mtendaji na kwa afisa ustawi wa jamii mpaka jina lake liingie. Inachosha, unazungushwa njoo kesho njoo Jumatatu, ndo maana inataka kijana mwenye pikipiki na subira.

SIKU YA KUTEMBELEA

Nendeni wawili au watatu. Sio kumi na mbili mmeshika ndoo na bendera ya chama cha kitume, unaingia nyumba ya vyumba viwili na watu kumi na mbili mgonjwa anaona ni msiba wake umefika mapema.

Hodi, subiri, vua viatu, shikamoo, kaa pale unapoonyeshwa, kama ni mkeka ni mkeka. Dakika za mwanzo msiongelee shida. Ongeleeni mvua, korosho daraja la kwanza imeuzwaje, mjukuu yuko wapi. Kama kuna sala, uliza kwanza: "mama, tusali?" Akisema ndio, fupi. Nimeshuhudia mtu anasali dakika ishirini mgonjwa amebanwa na mkojo.

Sasa niwape hii. Mwaka wetu wa kwanza kulikua na mzee mmoja, zamani alikua kuli wa bandari, mwili mkubwa bado, macho yalikua yanaondoka taratibu. Tulimpelekea furushi kama tulivyompelekea kila mtu, sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni, unga. Akapapasa mfuko, akaubonyeza kwa vidole, akauliza hii sukari? Tukasema ndio mzee. Akacheka mpaka akakohoa. "Wanangu, sukari mie ninayo, tena nyingi, dokta ananipunguzia nyie mnaniongezea." Macho yalikua yanaondoka kwa hiyohiyo sukari na sisi hatukua tumeuliza. Nesi wetu siku hiyo hakuwepo, na hata angekuwepo furushi lilishafungwa.

Basi yule mama wa mihogo akamuuliza, babu, unataka nini sasa? Akanyamaza muda. Akasema kamba. Kamba? Ndio, kamba, nzuri ya katani, ifungwe kutoka kwenye nguzo ya mlango wa uani mpaka mlango wa choo, maana usiku hana wa kumshika mkono na hataki kumuamsha mjukuu kila saa, mtoto ana shule. Kijana wa bodaboda akaenda kununua palepale, tukafunga, tukaweka fundo moja kubwa pale penye jiwe ili mkono ukifika kwenye fundo ajue kuinua mguu. Akajaribu mara tatu tumesimama tunaangalia. Kamba bei yake hata nusu ya ile sukari haikufika.

Toka siku hiyo hatufungi furushi. Tunaenda mara ya kwanza mikono mitupu, tunauliza, tunaandika, tunarudi. Majibu mengine tuliyowahi kupata: kuezekewa makuti pembe moja kabla ya mvua, kusomewa barua, kupelekwa baharini Shangani akaone maji tu, kufuliwa blanketi maana yeye maji mazito hawezi kukamua. Mwenzangu wa Newala anasema kule juu jibu karibu la kila mzee ni maji, dumu la lita 20, basi kikundi chao kazi yao kubwa ni madumu na kusafisha mifereji ya bati na visima vya kuvunia mvua mwezi wa kumi na moja kabla mvua haijaanza. Kila mahali na pake.

Vitu ambavyo hamruhusiwi kabisa: kumwambia mgonjwa aache dawa. Iwe ya kisukari, presha, TB, za kufubaza, hata kama mmesali na amelia na amepata nguvu. Dawa ya TB inamezwa miezi sita, akiikatisha inarudi ikiwa kali zaidi. Mtu wa kwenye kikundi akisema maneno hayo mara moja tu, huyo hatembelei tena, atapika chai ya kikao. Na kwa mgonjwa wa TB alieanza dawa juzi kaeni nae nje chini ya mwembe, au fungueni madirisha.

JIRANI WAISLAMU

Huku Pwani sisi Wakristo ni wachache na majirani zetu wengi ni Waislamu, na yule babu wa kamba ni Mwislamu, swala tano. Kwenye orodha yetu karibu nusu. Kuna watu parokiani walilalamika mwanzoni kwamba sadaka ya kanisa inaenda kwa wasio wetu. Padre aliwajibu yeye, mie sikujibu.

Mambo ya adabu tu. Hamgawi vipeperushi mkiwa mmebeba unga, kama unataka kuhubiri hubiri siku nyingine bila unga, watu waje kwa hiari yao. Ramadhani hamuendi mchana na chakula, mnapeleka futari alasiri, mihogo, tambi, matunda, kabla ya magharibi, mnaondoka wafuturu. Mkiwa mnapika kwa ajili ya watu wote mwiteni jirani Mwislamu achinje kuku au mbuzi ili kila mtu ale, hii huku ni kawaida ya miaka mingi ila vijana wageni hawaijui. Na mkifanya mkutano wa injili wa nje, spika muielekeze sio kwenye msikiti, na mzime adhana ikianza. Wao wamechangia madumu na kuja kuchimba kaburi kwenye misiba yetu mara ngapi.

HOSPITALI NA DAMU

Kwenda Ligula, au Sokoine kwa wa Lindi, au Ndanda, au Nyangao, usiingie tu wodini kwa sababu umevaa rozari. Muone muuguzi wa zamu, uliza saa za kuona wagonjwa na uliza nani hana ndugu. Chakula usimpe mgonjwa bila kuuliza, mwingine anasubiri kupasuliwa. Wodi ya wazazi pelekeni khanga na ndoo, kuna wanawake wanaletwa kutoka vijiji vya mbali usiku na nguo aliyovaa tu.

Damu naipenda kwa sababu haihitaji hela. Ongeeni na watu wa damu salama waje wenyewe kanisani Jumapili moja. Mtoaji awe na miaka 18 mpaka 65, uzito kilo 50 au zaidi, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, mjamzito na anaenyonyesha hapana. Waambie watu siku ya tangazo kwamba wanywe chai kwanza na maji ya kutosha, sio waje wamefunga, maana mwaka fulani tulipanga ndani ya Kwaresima, kijana wa kwaya sauti ya nne akaanguka na kiti. Kama mnaweza pangeni mvua zinapokolea, malaria inapanda na watoto wadogo wanaoishiwa damu wanakua wengi.

HELA

Kikundi cha tatu kilikufa hivi. Mtunza hazina alikua mtu safi, mzee wa kanisa. Akachukua hela za kikundi kununulia salfa yake, akasema ntarudisha mnada wa pili. Mnada wa pili bei ikashuka. Hatukumfokea, ila na yeye hakuweza kukaa na sisi, akaacha kuja kanisani, mke wake akaacha, na watoto. Tulipoteza laki mbili na nusu na familia ya watu sita, na hiyo ya pili mpaka leo haijarudi.

Kosa lilikua letu. Hela ukiiweka chini ya kitanda cha mtu mwenye shamba mwezi wa salfa umemtega. Kwaio sasa hivi tunatumia sanduku la chuma la kama wale wa vikoba, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, sanduku kwa mtu wa nne asie na ufunguo wowote. Zinazoingia kwa simu zinatolewa mbele ya wawili siku hiyohiyo au zinaingia akaunti ya kikundi yenye sahihi zaidi ya moja. Kila kikao mtu tofauti anasoma daftari la mapato na matumizi kwa sauti, hata kama ni shilingi elfu mbili ya bajaji. Hakuna mkopo kwa mwanachama. Hakuna, hata wa siku moja, hata mimi. Anaetaka mkopo aende kikoba.

Vitu vya stoo navyo vinaibiwa, na dumuzi. Makopa na mahindi ukiweka kwenye kiroba cha kawaida mpaka Januari unagawa vumbi. Nunueni ile mifuko ya kinga njaa ya plastiki mbili ndani, kausha vizuri sana juani, jaza, kamua hewa yote, funga kila mfuko peke yake, na msifungue kuchungulia chungulia. Mbaazi hivohivo. Sisi tunaandika juu ya kila mfuko tarehe na jumuiya iliyotoa, kidogo kuna mashindano, sio mabaya.

Na picha. Mfadhili wa mjini atataka picha ya bibi ameshika unga. Mwambieni mtamtumia picha ya stoo na risiti. Mfadhili mmoja alitukasirikia akaacha kutoa, mwingine akaongeza.

WATOTO NA MABAYA MTAKAYOYAONA

Mkiingia nyumba za watu mtaona vitu. Mtoto anapigwa vibaya, binti wa darasa la sita ana mimba. Nyie sio mahakama, na sio kazi ya padre kuyamaliza kimyakimya kwa mbuzi na msamaha. Piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi, au dawati la jinsia polisi. Na nyie wenyewe, mtu mzima hakai peke yake na mtoto ndani, mafundisho yafanyike mlango wazi na watu wazima wawili. Kuna watu walinuna tulipoweka hiyo sheria. Wanune.

DHARURA

Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, shule zikafungwa, watu wakaambiwa wahame mabondeni. Kikaenda kupiga Msumbiji, sisi tukapona. Ila ile siku ndo tulijua kwamba hakuna mtu anaejua nani atambeba bibi fulani asietembea. Sasa kwenye daftari kila asiejiweza ana jina la mbebaji na nyumba ya kwenda. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, kwetu kazi ilikua simu tu, kila mtu akapiga kwa wake, ikaisha ndani ya saa moja.

Misiba sisemi sana, misiba huku watu wanajua. Kinachopungua siku zote ni kuni na maji siku ya tatu, wakati waliokuja mwanzo wameshachoka. Jiwekeni siku ya tatu.

KIKAO NA TAREHE YA KURUDI

Kikao mara moja kwa mwezi, dakika arobaini, baada ya misa ya kwanza Jumapili, chini ya mti sio ofisini. Sala, daftari la hela, kila mtu aseme nyumba alizoenda, nani kafariki, nani kaongezeka, nani anaomba kupumzika. Kupumzika ruhusa, miezi miwili mitatu, bila kuulizwa. Wanaorudi wenyewe ni wengi kuliko unavofikiri.

Alafu tarehe. Kabla hamjatoka kwenye nyumba mwambie mwenyewe mtarudi lini, na iwe siku mnayoiweza kweli, sio "tutakuja kuja". Iandike kwenye daftari. Kama mmoja kapata dharura amtume mwenzake, na kama wote hamuwezi atumwe hata mtoto akaseme leo hawaji. Kwa yule babu tulisema Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne. Mwezi fulani mvua ilitukalisha mpaka saa saba tukasema labda tuache tu, kijana wa bodaboda akasema hapana. Tukafika tukamkuta kakaa barazani na kanzu yake imepigwa pasi na kofia, mjukuu akatuambia yuko hapo toka saa tatu. Hakusema kitu kuhusu kuchelewa. Alisema kamba imelegea upande wa choo, tuikaze.